Kwa Nini Vitambaa Viligeuka Vyekundu

Vitambaa tisa vya meza viliingia kwenye sabuni vikiwa na madoa ya njano. Vikatoka na madoa mekundu.

Dobi alisimama mbele ya beseni, mikono ikichuruzika maji. Alikuwa amefua nguo za watu kwa miaka ishirini na miwili. Alishaondoa damu, wino, grisi na kutu. Lakini doa la kugeuka rangi huku analitazama hakuwahi kuliona.

"Hebu njoo uone mambo!" alimwita mkewe.

Mkewe aliiegesha pasi ya mkaa juu ya kigae, akaja akijifuta jasho.

"Eti! Jana si yalikuwa ya njano haya?"

"Ya njano. Mchuzi wenye bizari ya manjano. Nimeyapokea kwa mikono yangu."

"Na leo mekundu kama tofali."

"Ndiyo nakuambia uone mambo."

Vitambaa vilikuwa vya Mama Ukumbi, mwenye ukumbi wa shughuli mtaa wa pili. Vilikuwa vyeupe, vina pindo la bluu. Kila wiki alileta furushi moja kubwa, na karibu nusu ya kazi ya Dobi ilitoka kwake. Siku hiyo ilikuwa Alhamisi asubuhi. Vitambaa vilitakiwa Jumamosi saa sita mchana, maana jioni ukumbi ulikuwa na wageni. Na Mama Ukumbi hakuwa mtu wa kubembelezwa. Dobi wa kabla ya huyu alimrudishia kitambaa chenye doa mara moja tu. Hakuitwa tena.

Dobi akainua macho. Dirishani, juu ya beseni, palikuwa na chupa ya maji mekundu. Ndani ya chupa limesimama ua jeupe. Petali zake zilikuwa zimeanza kupata mishipa myekundu.

Chupa ile ilikuwa ya binti yake wa darasa la sita. Nyumbani walimwita Chupa, kwa kuwa hakuiacha chupa tupu ipite. Alizikata, alizitoboa, alizijaza maji, mchanga, mbegu. Kila kitu alisema ni jaribio la shuleni.

"Wewe Chupa!" Dobi alinguruma. "Njoo hapa!"

Mtoto alitoka na mkoba begani, kiatu kimoja mkononi.

"Abee, baba."

"Rangi yako imemwagika kwenye vitambaa vya watu."

"Haijamwagika, baba. Tazama, nilitia alama kwa kalamu. Maji yako palepale kwenye alama."

"Mimi sisomi alama. Mimi naona wekundu kwenye chupa, na wekundu kwenye beseni. Wekundu umetoka wapi, mbinguni?"

Chupa aliinama juu ya beseni. Akalitazama doa. Akalinusa.

"Baba, hii si rangi yangu. Labda ni sabuni. Usiongeze sabuni kwanza, nikamuulize Mwalimu..."

"Sabuni!" Dobi alicheka kicheko kisicho na furaha. "Mama Chupa, umemsikia mwanao? Anamfundisha dobi habari ya sabuni."

"Mwache mtoto aseme," mkewe alijibu.

"Atasema nini? Mimi shule niliiacha darasa la tano, na sabuni imewalisha nyote humu ndani. Haya, nenda shule. Na takataka zako leo zinatoka."

Akaichukua chupa, akamwaga maji kwenye mfereji, akalitupa ua. Chupa hakulia. Alivaa kiatu cha pili, akaondoka bila kuaga.

Dobi alikuwa na kanuni moja kazini: doa likikataa, ongeza sabuni. Akasugua kwa sabuni ya mche. Wekundu ukazidi. Akatia sabuni ya unga, kisha magadi. Wekundu ukakolea mpaka ukaelekea kahawia.

"Baba Chupa, unaosha au unapika?" mkewe akauliza kutoka kwenye meza ya pasi.

"Nyamaza, mwanamke, niko vitani."

Mwishowe alitoa dawa kali ya kung'arishia nguo. Alichagua kitambaa kimoja, akakitumbukiza. Doa likatoka. Dobi akapiga kofi pajani kwa furaha. Lakini alipokiinua kitambaa, pindo la bluu nalo lilikuwa limekwenda. Lilibaki na mabaka kama ukuta uliolowa mvua. Kitambaa hakikufaa tena kwa meza ya mtu.

Akaketi juu ya ndoo iliyopinduliwa. Vilibaki vinane. Hakuwa na la kufanya tena.

Saa saba mchana, shule ilipotoka kwa chakula, Chupa alirudi na Mwalimu wake wa sayansi. Alikuwa mama mfupi, mwenye sauti ya kuita watu uwanjani. Alikaa nyumba ya tatu kutoka pale, na Dobi ndiye aliyemfulia.

"Hodi, fundi."

"Karibu, Mwalimu. Kama umekuja kutetea chupa, nakuomba radhi mapema. Sina nafasi."

"Sijaja kutetea chupa. Nimesikia una madoa yanayobadilika rangi. Mimi nimesomeshwa kwa ajili ya mambo kama hayo, ukininyima kuyaona utakuwa umenionea."

Dobi alitaka kukasirika, akashindwa. Akamwonyesha beseni.

Mwalimu alitazama, akatikisa kichwa, lakini hakueleza kitu. Akamgeukia mtoto. "Chupa, umeniambia unadhani nini?"

"Nadhani manjano ikikutana na sabuni inakuwa nyekundu."

"Kudhani si kujua. Mwonyeshe baba."

Mama Chupa akaleta kijiko kimoja cha manjano ya unga kutoka jikoni. Chupa alikoroga kwenye maji kidogo. Akachana vipande vitatu vya shuka kuukuu, akavichovya, vyote vikawa vya njano. Kila kipande akakiweka kwenye sahani yake.

"Vipande viwe sawa, manjano iwe sawa," Mwalimu alisema. "Tunabadilisha kitu kimoja tu. Tukibadilisha viwili, hatutajua kipi kimefanya kazi."

Sahani ya kwanza itapata maji matupu. Ya pili maji ya sabuni. Ya tatu maji ya ndimu.

"Kabla hajamimina," Mwalimu akasema, "fundi, sema wewe. Itakuwaje?"

"Mimi?"

"Wewe ndiwe mwenye miaka ishirini na miwili."

Dobi akajikuna kidevu. "Ya maji itabaki hivyo. Ya sabuni itapauka kidogo. Ya ndimu, labda ndiyo itakuwa nyekundu, maana ndimu ni kali."

"Chupa, andika alivyosema baba."

"Aandike? Itakuwa ushahidi?"

"Ndiyo. Usije ukageuza maneno baadaye."

Mkewe akacheka mpaka akashika kiuno.

Chupa akamimina maji. Kipande kikabaki cha njano. Akamimina ndimu. Kikabaki cha njano, tena kikang'aa. Akamimina maji ya sabuni. Pale pale, mbele ya macho yao wote wanne, kipande kikawa chekundu.

Dobi aliinama mpaka pua ikakaribia sahani.

"Rudia," alisema.

Chupa alirudia kwa kipande kipya. Chekundu.

"Sasa mwagia ndimu hicho hicho."

Chupa akakisuuza, akakamua ndimu juu yake. Wekundu ukakimbia. Njano ikarudi.

"Lahaula!" Dobi akanyoosha mgongo. "Basi mimi asubuhi yote nilikuwa napaka rangi!"

"Ulikuwa unapaka rangi," Mwalimu alikubali. "Ndani ya manjano kuna kitu kinachobadilika rangi. Vitu vichachu kama ndimu na siki vinaitwa asidi. Kwenye asidi, manjano hubaki njano. Sabuni na magadi viko upande wa pili, vinaitwa besi. Kwenye besi, manjano huwa nyekundu. Kadiri ulivyoongeza sabuni na magadi, ndivyo wekundu ulivyozidi."

"Basi nikivitia ndimu vitakuwa vyeupe?"

"Umeona kwenye sahani. Vimekuwa vyeupe?"

Dobi akatazama. "Vimekuwa vya njano."

"Ndimu imerudisha rangi ya mwanzo tu. Haijaondoa doa."

Dobi akanyakua chupa ya dawa kali. "Basi nachanganya ndimu na hii kidogo, kidogo sana..."

Mwalimu akamshika mkono. Sasa sauti yake haikuwa na mzaha. "Usithubutu! Dawa hiyo haichanganywi na ndimu wala siki. Hutoa hewa ya sumu inayochoma macho na mapafu. Watoto wako humu ndani."

Dobi akaiweka chini taratibu, akaisukuma mbali kwa mguu.

Kisha Chupa akauliza, "Baba, vitambaa hivi unavianika wapi?"

"Kivulini. Pindo la bluu likikaa juani linapauka. Hiyo ni kazi, si mchezo."

"Jua linapausha bluu?"

"Linapausha kila kitu."

Mtoto akamtazama Mwalimu. Mwalimu akatabasamu. Dobi akawatazama wote wawili, kisha naye akaelewa alichokisema kwa mdomo wake mwenyewe.

"Kipande kimoja juani," alisema polepole, "kimoja kivulini. Vyote vimetoka kwenye ndimu, vyote vibichi. Tunabadilisha kitu kimoja tu."

"Na itakuwaje?" Mwalimu akauliza. "Mimi mwenyewe sijui itachukua muda gani. Sijawahi kupima."

"Cha juani kitapauka. Chupa, andika!"

Mwalimu na Chupa walirudi shule. Dobi akabaki na vipande viwili, na jua la mchana likiwaka. Kila nusu saa alitoka kutazama. Mara ya kwanza hakuona tofauti. Mara ya pili akadhani anaona, akamwita mkewe ahakikishe.

"Mbona huendi kufua?" mkewe akamuuliza.

"Nafanya jaribio."

"Enhe! Si takataka tena?"

Ilipofika alasiri hakukuwa na ubishi. Kipande cha kivulini kilikuwa cha njano vilevile. Cha juani kilikuwa kimefifia kama karatasi ya zamani.

Dobi hakungoja. Alivisuuza vitambaa vinane kwa maji mengi mpaka sabuni yote ikatoka. Akavipitisha kwenye maji ya ndimu. Akavitandaza juani, madoa yakitazama juu. Lakini pindo je? Hapo kazi yake ya miaka yote ikamsaidia. Alifunika kila pindo la bluu kwa shuka kuukuu, akabana kwa vibanio, ili jua lipate doa na lisipate bluu. Ijumaa alivilowesha kidogo kila vilipokauka. Jumamosi saa nne asubuhi, mkewe alivipiga pasi vinane, vyeupe.

Kabla ya kwenda ukumbini, Dobi alimwita binti yake uani.

"Asubuhi ile uliniambia ni sabuni."

"Nilisema labda, baba."

"Nikakuzima. Nikamwaga chupa yako, nawe hukuwa na kosa. Nisamehe, mama."

Chupa alitazama vidole vya miguu yake. "Nimesamehe. Lakini dirisha nalitaka."

"Chukua dirisha. Beseni nitalihamisha mimi."

Mama Ukumbi alivihesabu vitambaa mlangoni, kimoja kimoja, kama kawaida yake.

"Vinane. Cha tisa kiko wapi?"

Dobi alikuwa amepanga maneno njiani. Alipofika akayaacha. "Nimekiharibu mimi. Nilitia dawa kali, pindo likatoka. Ukisema unaniacha, una haki."

Mama Ukumbi akakunjua kimoja cha vinane, akakiinua kwenye mwanga, akatafuta doa. Hakuliona.

"Na haya ya mchuzi umeyatoaje? Wenzako wote walinirudishia mekundu, wakaapa nimewaletea nguo zenye rangi."

"Maji mengi, ndimu, jua. Tena waambie vijana wako: mchuzi ukimwagika, wakwangue kwa kijiko, wasuuze kwa maji baridi. Wasiguse sabuni."

"Nani kakufundisha?"

"Binti yangu. Yuko darasa la sita."

Mama Ukumbi akakikunja kitambaa. "Cha tisa utakilipa kwa kufua wiki mbili bure. Furushi la Jumatatu uje ulichukue mapema, lina mchuzi kila mahali."

Wiki iliyofuata Mwalimu alimwomba Dobi aje darasani. Alikataa mara mbili. Hakuwa ameingia darasani tangu alipoacha shule. Mara ya tatu Chupa akamwambia, "Baba, utakuja kuonyesha, hutakuja kuulizwa." Akaenda, amevaa shati alilolipiga pasi mwenyewe.

Aliulizwa mno. Watoto arobaini na wawili walichovya karatasi kwenye manjano, wakaandika wanachodhani, kisha wakajaribu sabuni, ndimu, siki, majivu, chumvi na maji ya mvua. Majivu yalipoigeuza karatasi kuwa nyekundu, darasa zima lilipiga kelele, na Dobi akapiga kelele pamoja nao.

Somo lile liligharimu vijiko vitatu vya manjano, ndimu mbili, siki kifuniko kimoja, kipande cha sabuni kisichozidi kidole, chumvi na majivu ya bure, na karatasi za madaftari yaliyokwisha. Dobi alifunga kazi kwa saa tatu.

Kujifunza kwake mwenyewe kuligharimu zaidi. Ndimu sita. Jua la siku mbili. Sabuni ya mche mzima iliyopotea bure. Kitambaa kimoja cha meza. Na wiki mbili za kufua bila malipo, mafurushi mawili makubwa, kwa mikono yake. Angemsikiliza mtoto Alhamisi asubuhi, angelipa ndimu tu.