Kibati cha Kobe

Kila nilipotoka shuleni, kabla hata sijavua sare, Babu alinikabidhi trei. Ilikuwa trei ya chai ya marehemu Bibi, ile yenye maua, lakini tangu Babu aamue kufufua gari lake ilijaa skrubu, washa, vile vipete vya chini ya nati, na harufu ya mafuta ya taa. Kazi yangu ilikuwa kusafisha kila kipande na kukirudisha pale pale nilipokitoa.

"Afnan, kitu hakitoki kwenye trei," Babu Zahoro aliniambia kila siku, kana kwamba mimi ni kiziwi. "Hata washa moja."

Gari lenyewe lilikuwa Morris Minor la mwaka 1959. Lilikuwa limekaa mbele ya nyumba yetu hapa Kaloleni tangu kabla sijazaliwa, na watoto wa mtaa waliliita Kobe kwa sababu ya mgongo wake. Babu alilinunua alipokuwa fundi katika karakana ya reli. Ndilo lililomleta mama yangu nyumbani kutoka hospitali ya Pumwani akiwa na umri wa siku mbili, Bibi amekaa mbele, amempakata. Bibi alipofariki, ulipita mwezi mmoja, kisha Babu akaanza kumfungua Kobe nati moja moja.

Na nati hizo zilikuwa na kiburi! Spana zetu zote ni za milimita, na gari la Mwingereza linataka inchi. Spana ya kumi na tatu inapwaya, ya kumi na mbili haiingii. Babu alifoka, nami nikafoka, na Kobe akatutazama tu kwa taa zake mbili.

Jumatatu moja jioni alikuja Mzee Nzivo, mwenyekiti wa kamati ya mtaa.

"Mzee Zahoro, kamati imeamua," alisema. "Mtaa si jaa la taka. Jumamosi saa sita adhuhuri, gari lisilotembea lenyewe litachukuliwa na wanunuzi wa vyuma."

"Kobe atatembea," Babu akajibu.

"Tutaona, mzee wangu."

Kwa kweli tulibakiza kitu kimoja tu, kabureta. Sindano yake, ile inayopima petroli ya kuingia kwenye injini, ilikuwa imepinda, na herufi za kutambulisha aina yake zilikuwa zimefutika. Ilibidi tupate nyingine ya aina ile ile.

Sasa nieleze kosa langu, ingawa naona aibu. Wiki iliyotangulia, nilipokuwa nikisafisha kabureta hiyo, nilikuta kibati chini ya skrubu moja ya kifuniko. Kilikuwa cha pembe tatu, kidogo kuliko ukucha wa dole gumba, na kimegongwa namba. Nilikisugua kikang'aa. Nikakipenda. Nikakifunga kwa uzi kwenye zipu ya mkoba wangu wa shule.

"Niaje, Afnan! Hiyo kitu imeweza!" rafiki yangu Deeqa alikisifu kesho yake. "Umetoa wapi?"

"Siri," nikajibu, nikijiona mtu.

Jioni hiyo Babu alikigeuza kifuniko mara mbili, akakisogeza karibu na miwani. "Chini ya skrubu hii hapakuwa na kitu?"

"Hapana, Babu."

Jibu lilitoka haraka kuliko mawazo yangu. Niliogopa ile sheria ya trei. Tena nilijiambia, kibati kidogo vile kina kazi gani?

Jumanne Babu alitembea kwa miguu hadi barabara ya Kirinyaga, kwenye maduka ya vipuri, akarudi na sindano mpya. Tukaifunga. Injini ikakohoa, ikatema moshi mweusi, ikazima. Jumatano akaenda tena. Sindano ya pili, moshi ule ule. Usiku ule nilimsikia akiguna kila alipokunja goti lake la kushoto, lile bovu, nami nikajifunika shuka hadi kichwani.

Alhamisi nilipotoka shuleni alinichukua twende pamoja. Safari hii tuliingia duka la Mama Nafiso, mwanamke mwenye sauti kubwa, anayevijua vipuri vya zamani kama mtu ajuavyo wanawe. Aliishika kabureta yetu akaitazama pande zote.

"Mzee, kabureta hizi zinafanana kama shilingi kwa ya pili, lakini kila moja na sindano yake," alisema. "Na sindano hazitambuliwi kwa macho. Hapa chini ya skrubu huwa kuna kibati chenye namba. Nikikiona hicho, nafungua kitabu, kazi imekwisha. Kiko wapi?"

Mkono wangu ulikwenda wenyewe nyuma, kwenye zipu ya mkoba. Nikakifumbata.

"Hakikuwapo," Babu akasema. "Aliyeisafisha ni huyu mjukuu wangu, nami nilimuuliza. Huyu hasemi uongo."

Afadhali angenizaba kofi. Nilifungua kinywa, nikaona wateja wawili wakinitazama, nikakifunga. Mama Nafiso akabahatisha sindano ya tatu, tukarudi nyumbani Babu akichechemea. Njia nzima nilimkasirikia Kobe, nikamkasirikia Mwingereza aliyemtengeneza, nikaikasirikia hata kamati. Mtu niliyestahili kumkasirikia nilimruka.

Ijumaa, baada ya swala ya alasiri, tukaijaribu. Kikohozi, moshi, kimya.

Babu aliweka spana chini polepole. Hakufoka, na hilo ndilo lililoniuma zaidi. Alipangusa kiti cha mbele kwa kiganja, pale Bibi alipokuwa akikaa.

"Nenda kwa Mzee Nzivo," aliniambia. "Mwambie waje kulichukua. Mimi nimechoka, mwanangu. Goti hili haliniruhusu tena."

Nilifika hadi kwenye kona ya ukumbi wa mtaa. Niliona mlango wa Mzee Nzivo u wazi. Nikasimama hapo, nikawaza jinsi nitakavyosema maneno yale, kisha nikageuka nikakimbia nyumbani. Nilichukua mkoba, nikakata uzi kwa meno, nikamwekea Babu kibati kiganjani.

"Nilikuwa nacho mimi," nilisema huku nikilia. "Tangu mwanzo. Niliona kinapendeza. Ulipouliza nikadanganya, na dukani nikanyamaza."

Babu alikitazama kibati, kisha akatazama goti lake.

"Safari tatu, Afnan," alisema.

"Nisamehe, Babu."

Hakusema amenisamehe. Alisema, "Kesho mapema, twende."

Jumamosi tulimkuta Mama Nafiso akifungua kufuli. Babu alinisukuma mbele nijieleze mwenyewe, nami nikajieleza, masikio yakiniwaka. Mama Nafiso alisonya, akafungua kitabu chenye kurasa za rangi ya chai, akafuata namba kwa kidole. Kisha akatoa kopo la zamani la majani ya chai, na humo akachagua sindano moja.

Saa tano tulikuwa tumeifunga. Babu akawasha. Kobe alikohoa mara moja, nikafumba macho. Kisha injini ikanguruma, ikatulia, bila moshi. Watoto wa mtaa walipiga kelele. Mzee Nzivo alifika na wanunuzi wa vyuma akamkuta Babu akizunguka ukumbi kwa mara ya pili, mimi nimekaa mbele.

"Haya, mzee, umetushinda," alisema akicheka, akawaambia wale wanunuzi waende zao.

Babu alipozima gari, alinipa bisibisi na kile kibati. "Kirudishe mahali pake."

Nilikifunga chini ya skrubu yake. Nikaikaza vizuri.

"Gari hili halikusumbuliwa na uzee," Babu alisema. "Sindano ilikuwa dukani siku zote, tumeipita mara tatu. Kosa la kuchukua kibati ni la kitoto, ningekugombeza dakika mbili tukaendelea. Lakini ulipolifunika kwa uongo, ukanifanya nami niuseme mbele za watu. Mtu akikosea, aseme mapema, kosa lingali dogo."

"Nimeelewa, Babu. Umenisamehe?"

Alinyanyuka, akaishika trei ya Bibi, akaanza kuhesabu washa moja moja kwa sauti, jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Zilipotimia, akanikabidhi.

"Nimekusamehe," alisema. "Ila kwa sasa nitakuwa nahesabu."