Sukari Guru ya Jerusa

Kila asubuhi, kabla ya kengele ya shamba la chai, Syprose alimpeleka binti yake Jerusa dispensari. Jerusa alikuwa na miaka kumi na moja, na alikuwa na ugonjwa wa sukari. Dresa Alfayo, mhudumu wa hapo, alimchoma sindano ya insulini, kisha wakarudi nyumbani, Jerusa akanywa uji. Mama alifunga kipande cha sukari guru kwenye pindo la leso ya Jerusa. Mama akaenda kuchuma chai, mtoto akaenda shule.

Siku moja Mwalimu Kebaso aliwalimisha watoto shamba la shule mpaka saa ya chakula ikapita. Jerusa akaanza kutetemeka. Jasho likamtoka. Akafungua leso.

Mwalimu akamnyang'anya. "Mgonjwa wa sukari anakula sukari? Unataka kufa?" Akamsimamisha ukutani. Mtoto akaanza kuongea maneno yasiyoeleweka, wenzake wakacheka. Hebu fikiria, mtu mzima ametia mfukoni dawa ya mtoto, na bado anajiona mwema.

Syprose alikuwa akipita kando ya shule na kikapu cha chai kwenda kwenye mizani. Akamwona mwanawe anayumba. Akakibwaga kikapu, majani yakamwagika njiani. Nyapara akamfokea, lakini yeye hakugeuka.

"Mwalimu, nipe sukari ya mtoto wangu."

"Mama, sukari ndiyo inamuua."

"Wewe umesoma, mimi sijasoma. Nipe."

Akampa. Jerusa alikuwa bado anaweza kumeza, akala taratibu. Baada ya muda akainua macho. "Mama, kikapu chako kiko wapi?"

Syprose alitaka kulia, ila hasira ilimzuia.

"Mpeleke nyumbani, na asirudi," mwalimu alisema. "Shule si hospitali."

"Atarudi," Syprose alisema. "Kesho, pamoja na dresa."

Kesho yake Alfayo alikuja pamoja na Syprose na mtoto. Hakuzunguka mbuyu. "Mwalimu, sindano inashusha sukari mwilini. Kulima kunaishusha zaidi. Njaa nayo inazidi kuishusha. Ikishuka sana, mtoto anatetemeka, anatoa jasho, anachanganyikiwa. Mpe sukari upesi, halafu chakula. Usimwache peke yake. Akizimia, usimtie kitu mdomoni, niite mbio."

"Nilidhani namwokoa," Kebaso alisema.

"Kudhani si kujua," Syprose alimjibu. "Ungeniuliza. Ungemuuliza hata yeye mwenyewe."

Mwalimu aliinamisha kichwa. Mbele ya darasa zima alimwomba Jerusa msamaha. Akaweka mkebe wa sukari guru mezani, akawafundisha watoto wote dalili zile. Kuanzia siku hiyo Jerusa alikula kwa wakati wake, na aliruhusiwa kunywa maji na kwenda chooni bila kuulizwa maswali.

Mwezi uliofuata Syprose alipita tena. Watoto walikuwa wanalima. Mwalimu alimtazama Jerusa, akaweka jembe chini. "Jerusa, jasho hilo ni la jua au la sukari?"

"La sukari, mwalimu."

Akamletea mkebe yeye mwenyewe. Hakuna aliyecheka.

Syprose hakusimama. Siku hiyo kikapu chake kilifika kwenye mizani kikiwa kimejaa.