Kitu Kilichokula na Bonareri

Kikombe kilikuwa kimelambwa. Bonareri alikiacha mezani kikiwa na chai nusu, akajilaza tena, na alipokirudia alikikuta kikavu, ukingoni kumeganda ute mzito unaovutika kama wa ng'ombe. Alikisuuza, akajiambia labda ni mafua yake mwenyewe.

Ilikuwa siku yake ya ofu, ya kupumzika kazi. Wiki nzima alikuwa amesimama kiwandani Mogogosiek akichambua chai, na leo hakutaka kuona mtu. Aliishi peke yake katika ploti ya Mama Chepkurui, vyumba vya kupanga kando ya shamba la chai. Mvua ilinyesha, mlango alikuwa ameukomea, na mpango wake ulikuwa kulala, kula, kisha kulala tena.

Usingizi ulipoanza kumchukua, alihisi unyayo wake ukilambwa. Ulimi ulikuwa wa moto na unakwaruza.

"Toka, paka," akanong'ona, akauvuta mguu ndani ya blanketi.

Kisha akakumbuka kwamba hana paka.

Harufu ikapanda, ya maziwa yaliyooza na mbuzi aliyelowa. Hakuthubutu kuinama. Alijikaza, akapasha githeri ya jana, mahindi na maharagwe, akaketi kitandani kula, na kijiko cha kwanza tu akatafuna kitu kigumu. Alikitema kiganjani. Ulikuwa ukucha mrefu wa manjano, bado una nyama laini kwenye mzizi. Chini ya kitanda kitu nacho kikaanza kutafuna, polepole, kikifuata taya lake, akiacha kinaacha, akimeza mate kinameza, na alipoinama hatimaye kwa sababu kutojua kulikuwa kumemzidi, aliona mdomo tu, mpana, hauna uso juu yake, umejaa githeri, unamfungukia kama wa mtu anayetaka kushukuru.

Alitapika palepale. Mdomo ukajikokota hadi kwenye matapishi, ukaanza kula.

Alikimbia nje, akamkuta Mama Chepkurui jikoni kwake, akipuliza makaa.

"Mama, kuna kitu kwa nyumba. Kinakula."

Mama mwenye ploti hakuuliza ni kitu gani. "Umekipatia chakula?"

"Kimejichukulia chenyewe."

"Kepher aliyekuwa anakaa hapo alichoka kula peke yake," Chepkurui akasema kwa sauti ya chini. "Kila siku ya ofu nilikuwa namsikia akisema, kuja tukule. Nilifikiria anaongea na simu, mpaka siku moja nikachungulia, nikaona alichokuwa anakikaribisha."

"Na hukuniambia."

"Nyumba ilikuwa imekaa sana bila mtu, na nilihitaji kodi."

Bonareri alimtazama mpaka mama huyo akageuza uso. Kisha Chepkurui akabeba jiko la makaa, akalitua mlangoni mwa chumba, akamwaga pilipili juu yake.

"Wewe ndiye mwenye nyumba sasa. Kiambie hujakikaribisha."

Moshi uliwakaba wote wawili. "Sijakukaribisha mimi," Bonareri akasema. "Kwa jina la Yesu, ondoka kwangu."

Kitu kizito na chenye maji kikapita katikati yao, kikampangusa Bonareri shavu la mguu na kumwachia utelezi hadi kwenye kisigino, kikashuka shambani. Michai ikawa inainama na kuinuka nyuma yake mvuani, moja kwa moja hadi nyumba ya chini, anakokaa Zack, dereva wa trekta, ambaye pia siku hiyo alikuwa ofu na peke yake.

Walisikia mlango ukibishwa. Bonareri alifungua kinywa kumwonya, lakini koo lilikuwa limezibwa na moshi.

"Karibu," Zack akaitika kivivu kutoka kitandani. "Ingia tu, chakula iko."