Kupe Walioombwa kwa Jirani

Kila Jumamosi asubuhi, kabla ya kufua sare zake za shule, Waiyego alimpulizia Njiru dawa ya kupe. Njiru ndiye aliyekuwa ng'ombe wa pekee pale kwa bibi yake, Cucu Njambi, mtaani Yamumbi, na ndiye aliyewapa maziwa ya chai na ya uji. Cucu alichanganya dawa mwenyewe, akamvika mjukuu wake glavu, kisha akaenda kuteka maji. Akirudi, aliutazama mgongo wa ng'ombe. Ukiwa umelowa, alisema, "Asante, mama," akampa uji uliokwisha kupoa kidogo ili asiungue ulimi.

Kumbe masikio yalikuwa makavu. Siku moja Waiyego alipoyashika, Njiru alitikisa kichwa, pembe ikamkwaruza mkono. Tangu hapo aliyaruka. Wiki ya kwanza alijiambia kwamba atayarudia. Kufikia wiki ya tano hakujiambia chochote.

Mwezi huo alikuja Marion Amolo, mwanafunzi wa udaktari wa mifugo. Alikuwa akijifunza kuhusu kupe, chawa na viroboto wanaonyonya damu ya wanyama, na aliomba watoto wa mtaa wamsaidie. Kila mmoja alipewa kichupa na kibanio.

"Nataka kupe wa masikioni," aliwaambia. "Msiwashike kwa vidole. Na mwandike ukweli wa mlipowatoa. Mahali kupe alipokaa ni nusu ya habari yake."

Waiyego aliingiwa na wasiwasi. Aliiogopa ile pembe. Tena Cucu angeuliza kupe wa masikioni wametoka wapi ilhali dawa hupulizwa kila wiki. Basi akaenda nyumba ya pili kwa rafiki yake, Leonida.

"Nigawie kupe kumi," alimwambia.

Leonida alicheka hadi akashikilia ua wa boma asianguke. "Watu huomba chumvi, wewe unaomba kupe? Chukua hata ishirini. Wamejaa tumboni mwa yule ndama wetu."

Waiyego akawatia kichupani, akaandika: Njiru, sikio.

Jumatatu alasiri Marion aliketi jikoni kwa Cucu, akawamwaga kupe kwenye kisahani cheupe na kuwatazama kwa kioo cha kukuza. Akawatazama tena. Cucu alikuwa shambani akikata majani. Marion alisogea kwenye benchi, akampa Waiyego nafasi na kile kioo.

"Hawa ni kupe wa buluu," alisema polepole. "Hupenda tumbo na miguu. Masikioni huwa tunakuta wa kahawia. Labda nimekosea mimi, bado nasoma. Lakini nikiandika kwamba Njiru hana kupe wa kahawia, hakuna atakayemchunguza homa."

"Homa gani?"

"Ile wanayoileta hao wa kahawia. Isipotibiwa mapema, ng'ombe hafiki mwisho wa mwezi."

Waiyego alikumbuka kwamba asubuhi hiyo Njiru aliacha nusu ya majani yake.

"Dada Marion, hao si wa Njiru. Ni wa kwa kina Leonida. Masikio ya Njiru sijayatia dawa wiki tano."

Marion hakumgombeza. Alisimama tu. "Twende tukamwone. Mwite Cucu."

Cucu alimfunga Njiru kwa kamba fupi, Marion akalikunjua sikio. Ndani, kupe wa kahawia walikuwa wamebanana kama punje kwenye hindi. Chini ya sikio, tezi ilikuwa imevimba kama yai.

"Ni mimi, Cucu," Waiyego alisema kabla hajaulizwa. "Nilikuwa napuliza mgongo peke yake, na wale kupe wa kichupani niliwaomba kwa kina Leonida."

Cucu alimnyooshea kamba. "Hayo tutayasema baadaye. Sasa shika kamba, usimwache ajiumize."

Marion alipiga simu, na baada ya muda mfupi Daktari Okumu akafika kwa pikipiki. Alimpima Njiru joto, akamdunga sindano.

"Homa ndiyo kwanza inaanza," alisema. "Mngengoja hadi Ijumaa kuniita, mama, ningekuja na kisu cha kuchuna."

"Daktari, usinitanie na ng'ombe wangu," Cucu alijibu, huku akimmiminia chai.

Kwa siku tatu Njiru alilala kichwa chini. Leonida alileta majani laini bila kuombwa, wala hakutaja habari za kupe. Siku ya nne Waiyego alipofungua zizi, alimkuta Njiru amesimama, anacheua, na anaisukuma ndoo kwa pua kudai maji. Waiyego akaketi palepale kwenye nyasi na kulia kwa furaha.

Cucu alikuja akaketi kando yake.

"Nami nilikosa," alisema. "Niliutazama mgongo peke yake, nawe ukajifunza kuniridhisha mimi. Lakini kazi ile haikuwa ya macho yangu, ilikuwa ya uhai wa Njiru. Uongo wako ungemuua, mjukuu wangu. Ukweli wako ndio uliomleta daktari mapema. Kosa likitajwa likiwa bado changa, huwa na dawa."

"Sitarudia, Cucu."

"Na kazi ikikushinda, niite. Hujanisumbua bado hata siku moja."