Theluji ya Desemba

Kila Jumatano baada ya masomo, watoto wa darasa la sita walikusanyika kwa Madame Clotilde kusoma. Deborah alifika akitafuna karanga, akiwacheka waliobeba vitabu. Kichwa chake, alidhani, kilijaa tayari. Debe tupu nalo hudhani hivyo.

Safari hiyo kazi ilikuwa moja. Zamani Wajapani walihamia Brazili kulima kahawa, na huko ugenini wakaandika mashairi mafupi kwa Kijapani chao. Madame alikuwa na kijitabu cha mashairi hayo kwa Kifaransa. Kila mtoto achague moja, alitie katika Kiswahili. Atakayeshinda angesoma Jumamosi mbele ya wazazi. Deborah alikwisha kumwambia mama yake kwamba mshindi ni yeye.

Kijitabu hakukifungua. "Bantu ba kulima, bataandika nini?" alisema kwa sauti darasani akibetua midomo. Jumanne akamkuta Mwenya, msichana wa jirani, amekiinamia. "Weye! Siku sita, mistari mitatu! Uko napika maharagwe?"

"Kuko neno moja inanikatalia," Mwenya alijibu, akaendelea.

Jumatano iliyofuata Deborah alisimama, kidevu juu:

"Desemba ya Brazili,
theluji yaangukia kahawa,
nami natetemeka."

Madame alivua miwani. "Uliisoma mu kitabu?"

"Ndiyo, Madame. Ukurasa wa kumi."

"Kitendawili!" Madame akaita.

"Tega!" watoto wakaitika.

"Hapa kwetu, Desemba kunaanguka nini?"

"Mvua!"

"Na baridi inakuja lini?"

"Mwezi wa sita!"

"Hata kuku angetegua. Brazili iko upande wetu wa dunia, wa kusini, Deborah. Desemba bale bantu balikuwa na jasho. Na ukurasa wa kumi ni picha ya ng'ombe."

Darasa likapasuka kwa kicheko. Kisha Mwenya akasoma, polepole:

"Maua meupe ya kahawa.
Niliandika 'theluji',
kisha nikafuta."

Madame alirudisha miwani.

"Unasikia?" Madame alisema. "Mulimaji uliyemuzarau alikumbuka theluji ya kwao, lakini alikataa kudanganya hata kwa neno moja. Weye ulidanganya mistari mitatu, na hata kalamu haikuchoka."

Nyumbani, Deborah alisimama mlangoni mwa jiko. "Mama, Jumamosi atasoma Mwenya. Miye nilimucheka, kisha nikadanganya."

Mama aliacha kusonga bukari, ugali wa jioni, akaweka mwiko chini.

"Tutaenda vilevile. Utakaa mbele, utasikiliza. Anayecheka jasho la mwenzake, mwanangu, hubaki na kicheko tu. Na kicheko hakijazi daftari."