Tiki Themanini na Nne

Kila jioni Mama alirudi kutoka kazini akiwa hoi. Alikuwa mfuaji katika hoteli kubwa, na mashuka ya hoteli hayaishi. Ukimaliza kupiga pasi ya leo, ya kesho yamekwisha kuchafuka. Akifika nyumbani alipiga hodi, na kabla hata ya kuvua viatu alikwenda kusimama mbele ya kabati chumbani mwa Bibi. Kwenye mlango wa kabati ilibandikwa karatasi yenye mistari. Mama alihesabu tiki za siku hiyo kwa kidole, moja, mbili, tatu, kisha akashusha pumzi.

"Ahsante, mwanangu," alisema. "Angalau hili moja linakwenda."

Mwanawe alikuwa na miaka kumi na miwili, na jina lake la kwenye cheti halikutumiwa na mtu pale nyumbani. Bibi alimwita Chapuchapu tangu utotoni, kwa kuwa hakujifunza kutembea, alijifunza kukimbia. Mpaka leo alifagia chapuchapu na kuosha vyombo chapuchapu, na vikombe vilibaki na mafuta pembeni kama ushahidi.

Miezi mitatu kabla ya hapo, Bibi alikuwa amepatwa na kiharusi. Mguu ulirudi, ulimi nao ukarudi pamoja na utani wake wote, lakini mkono wa kulia ulibaki umelegea. Mtaalamu wa mazoezi ya viungo pale kliniki, ambaye Bibi alimbatiza jina la Bi Moja-Mbili kwa sababu ya kuhesabu kutwa nzima, alimpa mazoezi matatu. La kwanza, kuminya sponji mara ishirini. La pili, kubana vibanio vya nguo kwenye ukingo wa kopo. La tatu, kuokota maharage moja moja kwa vidole viwili na kuyatia kikombeni. Asubuhi, mchana na jioni, kwa wiki nne, na kila zamu ikiisha Chapuchapu aweke tiki kwenye karatasi.

"Mkono huu bado unaweza kujifunza upya," Bi Moja-Mbili alisema. "Lakini hautasubiri milele. Tukichelewa, utaganda."

Wiki ya kwanza walifanya yote. Wiki ya pili maharage yakaanza kuviringika chini ya kitanda, Chapuchapu akaanza kuyatafuta kwa magoti huku akipiga miayo, na Bibi akaanza kuuchukia mkono wake mwenyewe.

"Leo weka tu hiyo tiki, mjukuu wangu," Bibi alisema jioni moja. "Mimi nimechoka, na wewe macho yanafumba."

Uongo wao ulianza hivyo, kwa huruma, na uongo wa huruma ndio mtamu kuliko wote. Kesho yake waliruka zamu mbili. Baadaye Bibi alikuwa akisinzia, Chapuchapu anaweka tiki zote tatu kwa mpigo, kisha anachukua simu kuukuu aliyoachiwa na mjomba wake na kuingia kwenye gemu.

Gemu yenyewe ilikuwa ya zile ambazo mchezaji huchagua kuwa mtu fulani, akaishi maisha ya mtu huyo. Kulikuwa na bonde ambalo mto wake umekauka, na mchezaji alitakiwa kuurudisha. Miwani, jirani yake waliyesoma naye darasa moja, alimkuta siku moja amejikunja mlangoni na simu mkononi.

"Bado tu uko kwenye hilo bonde?" Miwani aliuliza. "Si ulishamaliza?"

"Mara tatu. Hii ya nne."

"Una wazimu wewe. Mimi nimeifuta jana. Kaka yangu alinipa namba za siri, ukiziandika unapewa nguvu zote na silaha zote siku ya kwanza. Nikamaliza kila kitu kwa nusu saa. Gemu inachosha hiyo!"

Chapuchapu alicheka mpaka akakohoa. "Hukucheza, umeiba! Ikupe raha gani?"

"Mchovya asali hachovyi mara moja," Bibi alisema kutoka kitandani, jicho moja wazi. Karatasi ya kabatini siku hiyo ilikuwa na tiki tatu, na sponji ilikuwa kavu tangu asubuhi.

Wiki nne zilipotimia, Chapuchapu alimpeleka Bibi kliniki, maana Mama hakupata ruhusa kazini. Bi Moja-Mbili alikuwa na sura ya mtu aliyesimama tangu alfajiri: kalamu sikioni, chai iliyopoa mezani, na foleni ya wagonjwa mpaka nje. Aliipokea karatasi akaipitia mstari kwa mstari.

"Tiki themanini na nne kati ya themanini na nne! Hongereni. Sijapata kuona."

Chapuchapu alitazama sakafu. Mtaalamu akampa Bibi kifaa cha kupimia nguvu za mkono, chenye mshale kama wa mizani. Bibi akakibana mpaka mdomo ukapinda. Mshale ukasimama kwenye kilo nne. Wakarudia, ukasimama palepale. Bi Moja-Mbili akafungua faili kuangalia kipimo cha mwezi uliopita, kisha akavuta kiti akakaa.

"Bibi, nitakwambia ukweli, kwa sababu umejitahidi sana. Mwezi uliopita ulikuwa kilo nne, na leo ni nne. Mtu akifanya mazoezi yote haya na mkono usisogee hata chembe, basi umefika mwisho wake. Nitaandika tusimamishe. Nafasi yako nitampa mwingine, na wewe nitakufundisha kufanya shughuli zako kwa mkono wa kushoto."

"Basi ni hivyo, mwanangu," Bibi alijibu taratibu. Hakumtazama mjukuu wake wala hakumtaja.

Hapo Chapuchapu alielewa kwamba zile tiki zilikuwa zinamnyang'anya Bibi mkono wake, na kwamba Bibi alikuwa tayari kuupoteza ili yeye asiaibike. Bi Moja-Mbili alikwisha kuitoa kalamu sikioni.

"Usiandike!" Sauti ilimtoka kubwa kuliko alivyotaka. "Daktari, tafadhali usiandike. Tiki ni za uongo."

"Zipi?"

"Kuanzia wiki ya pili. Nyingi. Sijui hata ngapi, nilikuwa naziweka tu."

"Na mimi ndiye niliyemruhusu," Bibi aliingilia. "Kama ni viboko, tugawane."

Bi Moja-Mbili hakugomba. Aliweka kalamu mezani, akajisugua macho kwa viganja. "Mkono huu haujashindwa," alisema. "Haujajaribiwa. Na mimi nilikuwa nauzika ukiwa hai." Kisha akamgeukia Chapuchapu. "Kwa nini mliacha?"

"Ni yaleyale kila siku, Daktari. Sponji ileile, maharage yaleyale. Tulichoka."

"Hakuna kitu unachorudia bila kuchoka?"

Chapuchapu aliona haya kujibu, ikabidi Bibi amchongee. "Gemu! Ameimaliza mara tatu na yumo ndani tena."

"Mara tatu? Na mwisho wake unaujua?"

"Naujua."

"Sasa unachorudia ni nini?"

Hakuuliza kwa kejeli. Aliuliza kama mtu anayetafuta dawa, na Chapuchapu akamjibu hivyo hivyo.

"Mara ya kwanza nilichagua kuwa mlinzi. Watu wote wa bondeni walinikwepa. Mara ya pili nikawa mganga, na pale getini nikamkuta mzee mgonjwa. Kumbe alikuwa amekaa palepale siku zote, nilipokuwa mlinzi nilimpita tu. Mara ya tatu nikawa mwizi, na mzee yuleyule ndiye aliyeniitia askari."

Bi Moja-Mbili alicheka, kicheko chake cha kwanza siku hiyo labda.

"Halafu huwezi kupata yote kwa mara moja," Chapuchapu aliendelea, sasa ameshapata kasi. "Ukiwasaidia watu wa mtoni, wa mlimani wanakununia mpaka mwisho. Unabaki unajiuliza, je, ningechagua vingine? Na kila ukianza upya, unaanza dhaifu, hata ndoo ya maji huiwezi. Unapata nguvu kidogo leo, kidogo kesho. Ukiona namba imepanda unajua ni jasho lako. Rafiki yangu aliandika namba za siri, akapewa nguvu zote siku moja, basi hakukuwa na..."

Karatasi ilikuwa mezani mbele yake, imejaa tiki mpaka pembeni. Uso ulimwiva.

"Hakukuwa na kitu," alimalizia kwa sauti ndogo. "Akaifuta."

Bi Moja-Mbili alivuta droo, akatoa karatasi mpya. "Wiki nne nyingine, na ni za mwisho ninazoweza kukupa. Mazoezi ni yaleyale, siwezi kuyabadilisha. Lakini mtu anayeyafanya, huyo mnaweza kumbadilisha mtakavyo. Na mama yako ayajue haya leo, kutoka kinywani mwako."

Jioni Mama alipiga hodi, akaenda moja kwa moja kabatini. Akaikuta karatasi nyeupe, haina hata tiki moja.

"Ile nyingine iko wapi?"

Chapuchapu akamweleza yote, kuanzia jioni ya kwanza. Mama aliketi kitandani kwa Bibi, viatu bado miguuni. Hakumpigia kelele, na Chapuchapu akatamani afadhali angempigia.

"Kutwa nzima nikiwa na mvuke usoni," Mama alisema hatimaye, "nilikuwa najiambia, si neno, nyumbani mkono unapona. Mimi sina nguvu za kurudi hapa nikukague, mwanangu. Nisipoweza kukuamini, sijui nitafanyaje."

Chapuchapu alilia, na alistahili kulia. Bibi naye alifuta machozi, kwa mkono wa kushoto.

Asubuhi iliyofuata aliweka kopo, sponji na maharage juu ya meza ndogo. "Haya Bibi, chagua. Leo wewe ni mwashi, mganga au mwizi?"

"Mwizi," Bibi alijibu bila kusita. "Miaka sabini nimekuwa mwema, acha nipumzike kidogo."

Basi maharage yakawa dhahabu ya tajiri aliyelala, na kila moja lilitakiwa kuingia kikombeni bila mlio. Likilia, tajiri anaamka, na Bibi anaanza upya. Kesho yake alikuwa mwashi, sponji ikawa udongo wa kuzibia ufa kabla mvua haijanyesha. Siku ya uganga, vibanio vilifunga jeraha kwenye ukingo wa kopo, na kibanio kikiruka, Chapuchapu alilalama kama mgonjwa. Bibi akikamatwa leo, kesho alianzia gerezani, na ilimbidi achague: aombe msamaha kwa vibanio kumi au atoroke kwa maharage thelathini. Siku zote alitoroka.

Nisikudanganye, msomaji, haikuwa raha kila siku. Kuna siku mkono ulimuuma Bibi, akasema mwizi amestaafu, aachwe alale. Kuna jioni Chapuchapu alilala juu ya daftari la hesabu, akazinduka asubuhi na kuona nafasi ya jana bado tupu. Alichukua kalamu. Aliishika kwa muda, na ilikuwa rahisi sana, mstari mdogo mmoja tu. Kisha akairudisha mezani.

Jioni Mama alihesabu kwa kidole akafika kwenye pengo. "Jana jioni je?"

"Hatukufanya. Nililala."

"Sawa," Mama alisema, akainama kuvua viatu. Kuanzia hapo, jioni nyingine alikaa nao. Walimpa kazi ya kuwa yule tajiri aliyelala, akaigiza vizuri kupita kiasi, maana harage la tano lilimkuta anakoroma kweli.

Siku ya kipimo Mama alibadilishana zamu na mwenzake, wakaenda kliniki wote watatu. Bibi alikibana kile kifaa. Mshale ulitetemeka, ukaipita nne, ukaipita tano, ukasimama kwenye saba. Bi Moja-Mbili alimpima tena ili kuhakikisha. Saba.

"Naandika tuendelee," alisema, na Mama akajishika kifua.

Chapuchapu hakuwa na amani bado. Aliitoa karatasi polepole. "Daktari, safari hii haikujaa."

"Hesabu mapengo."

Chapuchapu akahesabu. "Kumi na moja."

"Sasa sikiliza," Bi Moja-Mbili alisema, akaiweka karatasi katikati ili Mama na Bibi nao waione. "Ile ya kwanza ilijaa, na nusura ichukue mkono wa bibi yako. Hii ina mapengo kumi na moja, na tiki zake zote sabini na tatu nazitegemea. Kazi ya kurudiarudia inachosha. Hata mimi inanichosha, nahesabu moja mbili tangu asubuhi. Kuchoka si kosa. Ukichoka, sema umechoka, uache pengo, wenzako waone pa kukusaidia. Pengo linazibika kesho. Uongo hauzibiki, kwa sababu anayetaka kukusaidia hajui kama kuna tundu."

Wagonjwa wengine walikuwa wanasubiri, ikabidi wanyanyuke. Wakati wa kuaga, Bibi alimpa Bi Moja-Mbili mkono wa kulia, akaubana wa mwenzake, na hakuuachia upesi.