Kadi za Selvi

Kila alasiri basi la shule lilipomshusha Lubna mbele ya ghorofa zao mjini Euless, huko Amerika, mambo yalikuwa yale yale. Ndege zilipita chini chini zikielekea uwanja wa ndege. Baba yake alikuwa amelala, kwa kuwa alifanya kazi usiku kwenye ghala la mizigo. Kutoka nyumba ya chini ilisikika cherehani ya Anti Kavitha, jirani aliyetoka India. Lubna alikula, akasali, kisha akafungua kompyuta afanye kazi za shule.

Mwezi ule darasa lao lilikuwa likisoma uchumi wa dunia. Kila mwanafunzi alipewa jimbo moja la India aeleze jinsi viwanda vyake vilivyokua. Lubna alipata Tamil Nadu. Sharti lilikuwa moja: lazima umhoji mtu aliyewahi kufanya kazi huko.

"Si yupo Anti Kavitha hapo chini?" alisema mama yake, Bi Mwatumu. "Ameshona miaka mingi Tiruppur, mji wa viwanda vya fulana. Shuka ukamwulize."

"Nitakwenda kesho, Mama."

Lakini Lubna aliona haya kubisha mlango wa mtu mzima, na kesho zikapita nne. Jumapili mchana, kazi ikitakiwa Jumatatu, aliandika aliyoyapata kwenye mtandao: magari yanayoundwa Chennai, pampu za maji za Coimbatore, fulana za Tiruppur zinazouzwa dunia nzima. Alipofika penye mahojiano akabuni mtu. Alimwita Selvi, msichana wa miaka kumi na mitatu aliyekatwa vidole viwili na mashine ya kukatia vitambaa. "Nikilia, mashine hazinisikii," Selvi alisema kwenye karatasi ya Lubna.

Mwalimu Parker aliisoma karatasi ile mbele ya darasa. Kethia, rafiki yake Lubna aliyezaliwa Kongo, alikuwa ameinamia dawati.

"Ulimpataje msichana huyu?" mwalimu aliuliza.

"Jirani yetu anamjua. Tuliongea kwa simu," Lubna alijibu.

Basi wanafunzi wakaamua kumwandikia Selvi kadi, kila mtu yake. Ijumaa Lubna alipanda basi na sanduku lenye kadi ishirini na sita. Yeye ndiye angezituma, maana yeye ndiye aliyejua anwani.

Wiki ile yote Selvi hakumwacha. Lubna alipopiga mswaki asubuhi alimwona mawazoni, kisha akamwona dirishani mwa basi. Siku zote alikuwa ameketi, amempa mgongo, nywele zake zimesukwa msuko mmoja. Hakuwa na uso, kwa sababu Lubna hakuwahi kumpa uso. Alipokunja nguo zilizofuliwa na kuona lebo kwenye kola ya fulana ya baba yake, iliyosema kwamba imeshonwa India, aliiachia ikaanguka. Hata cherehani ya chini, aliyoizoea tangu utotoni, sasa ilimfanya azibe masikio. Aliogopa kwamba siku moja yule msichana atageuka.

Alasiri ile ya Ijumaa alilisukuma sanduku chini ya kitanda. Halikumpa raha, akalivuta tena. Kadi ya juu ilikuwa ya Kethia.

"Selvi," Kethia aliandika, "dada yangu Élodie alikuwa mshonaji pale Uvira, kwetu Kongo. Alikufa kabla hatujaja Amerika. Hapa shuleni hakuna ninayemwambia, kwa sababu hawatajua waseme nini. Wewe utajua. Ukilia, unakwenda kulia wapi? Mimi ninakwenda chooni na kufungua maji. Nijibu, tafadhali."

Lubna aliisoma mara mbili. Kethia alikuwa amebisha mlango wa nyumba isiyo na mtu.

Mama yake aliporudi kutoka kwenye nyumba ya wazee alikofanya kazi, alimkuta ameketi sakafuni katikati ya kadi.

"Mama," Lubna alisema, "Selvi hayupo. Nilimtunga."

Bi Mwatumu alisoma kadi moja, kisha nyingine. Hakugomba. Alivaa viatu vyake tena. "Twende chini," alisema.

Anti Kavitha aliwakaribisha chai. Lubna alimweleza kila kitu huku akitazama kikombe. Anti Kavitha alisikiliza, kisha akauliza, "Huyu Selvi wako, alipopata mshahara wake alifanya nini?"

Lubna alizungusha kikombe mkononi.

"Alicheka na nani wakati wa chakula?"

"Sikuandika hayo," Lubna alisema.

"Mimi niliingia kiwandani nikiwa na miaka kumi na minane," Anti Kavitha alisema. "Basi la kampuni lilitupitia kijijini alfajiri. Mgongo uliniuma, na msimamizi wetu alikuwa na mdomo mchafu. Niliona mto wetu ukibadilika rangi kwa dawa za kutia nguo rangi, mpaka baba yangu hakuweza tena kumwagilia shamba. Lakini mshahara ule ulisomesha wadogo zangu wawili, na nilipopita sokoni nilipita kichwa juu. Yote hayo ni kweli kwa pamoja. Selvi wako analia tu. Umemnyima mengine yote."

Lubna aliandika mpaka daftari likabaki kurasa mbili.

Jumatatu alimtafuta Kethia kabla ya kengele. Alimwambia kwamba Selvi hayupo, akamnyooshea kadi yake.

"Kadi yangu, ni nani aliyeisoma?" Kethia aliuliza.

"Ni mimi. Na mama yangu pia."

"Basi, wewe ndiye unayemjua Élodie sasa," Kethia alisema. Hakutabasamu. Aliondoka kwenda darasani bila kuichukua kadi.

Lubna aliungama mbele ya wote. Wengine walimcheka, wengine walidai kadi zao kwa hasira. Mwalimu Parker alifuta alama zake, akampa wiki moja aandike upya. Siku nne Kethia hakukaa naye kwenye chakula. Siku ya tano alikuja na sahani yake, akaketi. Lubna akamwuliza Élodie alipenda kushona nini. Kethia alimwangalia, halafu akaanza kusimulia, wakachelewa kurudi darasani.

Jioni Lubna alimhadithia mama yake wakiwa garini.

"Uliogopa haya ya dakika moja mlangoni kwa jirani," Bi Mwatumu alisema, "ukajitwika hofu ya wiki nzima. Hilo utalisahau. Lakini hili usilisahau, mwanangu: huruma ya watu ni amana. Mtu akikupa machozi yake, mpe kweli. Ukiyachukua kwa uongo, umemwibia kitu usichoweza kukirudisha."

"Sasa nifanye nini, Mama?"

"Umeshaanza. Msikilize mwenzio."